Kabwe: Risasi Iliyobaki Mwilini

Abiria wa TAZARA anayeshuka New Kapiri Mposhi, baada ya kilomita 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam, huwa na haraka ya jambo moja: kupata basi la Lusaka. Basi hilo hupita Kabwe, na ni wachache wanaoinua macho kutazama. Mji wenyewe haujinadi. Una soko, stendi, ofisi za mkoa na watu wanaohangaikia riziki kama mahali pengine popote katikati ya Zambia. Lakini huu ndio mji ulioivuta reli kupanda kaskazini mara tu ilipovuka Mto Zambezi. Ulikuwa mji wa migodi kabla machimbo makubwa ya shaba ya Copperbelt hayajaanza kuzalisha, na risasi na zinki yake iliuzwa duniani kwa karibu karne nzima.

Mgodi ulifungwa mwaka 1994. Tangu hapo Kabwe inasimuliwa kwa namna ileile ya miji yote ya madini: yaligunduliwa, mji ukakua, yakaisha, mji ukashuka. Simulizi hiyo ni nyepesi mno, na wapo wanaonufaika na wepesi wake, kwa sababu inalifanya anguko lionekane kama kifo cha uzee, jambo la maumbile lisilo na mwenyewe. Nikiifuatilia historia ya mji huu mwaka kwa mwaka naona kitu tofauti. Gharama za Kabwe zilianza kulimbikizwa siku ileile tanuri la kwanza lilipowashwa. Ziliwekwa mahali ambapo mhasibu wa kampuni hakufika, kwenye udongo wa nyua za watu na kwenye mifupa ya watoto wao. Kilichofungwa mwaka 1994 ni daftari la mapato. Lile la madeni liko wazi hadi leo.

Tuanze na jina, maana sikio la Mswahili linalisikia bila mkalimani. Ka- ni udogo, -bwe ni jiwe: kijiwe. Jina refu linalotajwa ni Kabwe ka Mukuba, na mukuba ni shaba, au madini ya kuyeyushwa. Jina hilo ladokeza kwamba wenyeji walikwisha kujua jiwe lao ni jiwe la namna gani kabla ya mhandisi Thomas Davey, aliyetoka Australia, kufika mwaka 1902. Davey alipaona pakamkumbusha mgodi wa Broken Hill wa kule New South Wales, naye akapaita hivyo hivyo. Jina la wenyeji lilirudi mwaka 1966, miaka miwili baada ya uhuru.

Mwanzo wake haukuwa wa fahari. Reli ilifika mwaka 1906, mara baada ya daraja la Victoria Falls kukamilika, kwa matumaini kwamba mgodi utajaza mabehewa. Haukuyajaza. Mawe ya Broken Hill yalikuwa na risasi na zinki zilizoshikamana kwa namna ambayo mitambo ya wakati ule ilishindwa kuitenganisha kwa faida. Kwa miaka kadhaa reli iliishia palepale porini, mpaka iliposogezwa mbele mwaka 1909 kuifuata shaba ya Katanga. Nalitaja hili kwa makusudi. Tunapenda kusema nchi fulani ni tajiri kwa sababu ina madini ardhini, na Broken Hill ilikuwa nayo kwa wingi adimu, lakini haikupata kitu hadi wengine walipoleta ujuzi, umeme na bei. Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta soko la risasi. Zinki ilisubiri zaidi. Mwaka 1925 umeme wa maji wa Mulungushi ulianza kufika mgodini, na mwaka 1928 kiwanda cha kusafisha zinki kwa umeme kikaanza kazi. Hapo ndipo mji ulipopanda kwelikweli, miaka zaidi ya 20 baada ya Davey.

Na ulipanda. Lusaka ilipokuwa bado kituo kidogo cha reli, Broken Hill ilikuwa na mgodi, tanuri, umeme na karakana za treni. Makao makuu ya shirika la reli yamo Kabwe mpaka sasa. Roy Welensky, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, alianza kupata nguvu za kisiasa hapa miaka ya 1930, akiwa dereva wa treni na kiongozi wa chama cha wafanyakazi Wazungu wa reli. Upande wa pili wa siasa nao ulikuwa na makao yake jirani. Kaskazini kidogo ya mji, penye mwamba wa Mulungushi, UNIP, chama cha Kenneth Kaunda, ilifanya mikutano yake mikubwa, na ni Mulungushi, Aprili 1968, Kaunda alikotangaza kwamba serikali itachukua hisa kubwa katika makampuni kadhaa ya kigeni. Migodi ilifuata: kuanzia Januari 1970 serikali ilishika asilimia 51.

Kuna jambo moja katika maisha ya wafanyakazi Waafrika wa mgodi huu ambalo sikuweza kulipita. Mgodi ulilipa kidogo, na watu walikuwa na pengine pa kwenda. Ili kuwashika, menejimenti iliwaruhusu wanaume kuishi na wake zao, mapema kuliko waajiri wengi wa eneo hilo, tena ikawagawia vipande vya ardhi vya kulima. Kwa juu juu inaonekana ni huruma. Lakini hesabu yake ni nyingine: mke na shamba vilizalisha chakula ambacho mshahara haukutosha kukinunua, kwa hiyo familia ilikuwa inauchangia mgodi bila kuandikwa popote. Godfrey Wilson, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, alifika mwishoni mwa miaka ya 1930 kuchunguza jinsi watu hawa walivyoishi, wakipata nini na kukitumia vipi. Baada ya misukosuko ya migomo ya mwaka 1940, menejimenti ilimzuia kuendelea na utafiti makambini. Wilson alikuwa akihesabu kile ambacho mgodi haukukihesabu, na nadhani hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Kabla ya hapo, mwaka 1921, kilima chenyewe kilitoa kitu ambacho hakikutarajiwa. Juni mwaka huo mchimbaji Tom Zwiglaar alikuta fuvu la binadamu wa kale katika pango lililojaa mifupa na madini. Lilipelekwa London na liko huko mpaka leo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 unalikadiria kuwa na umri wa miaka 299,000 hivi. Zambia imelidai kwa miongo kadhaa. Kinachoniuma zaidi ya fuvu ni mahali lilipotoka. Kile kilima kililiwa chote na mgodi, pango na mifupa yake vikaenda na mawe mengine, hivyo hakuna mtaalamu anayeweza kurudi kuchimba upya na kuuliza fuvu lile liliishi na nani. Mji umepewa jina la kijiwe, na kijiwe chenyewe hakipo.

Sasa turudi kwenye risasi. Kiswahili, kama Kiarabu tulikolitoa neno, kinaita kwa jina moja metali hii na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Mganga yeyote wa majeruhi anajua kwamba risasi iliyobaki mwilini haiachi kuwa jeraha kwa sababu vita vimekwisha. Kabwe ni hivyo kwa maana isiyo ya fumbo. Mwili wa mtu huidhania risasi kuwa kalisi, ukaihifadhi kwenye mifupa, na huko hukaa kwa miongo. Mwanamke akipata mimba, mifupa yake inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka, ikapita. Watoto wadogo huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima, nao ndio wanaotambaa chini na kutia mikono mdomoni. Inaharibu ubongo unaokua, inapunguza uwezo wa kujifunza, inaleta upungufu wa damu, na ikizidi sana inaleta degedege na kifo. Haiozi. Haichujwi na mvua ikaisha. Binti aliyezaliwa mtaa wa Kasanda mwaka ule mgodi ulipofungwa sasa ana zaidi ya miaka 30, na huenda ni mama.

Kasanda lilikuwa eneo la makazi ya wafanyakazi wa mgodi, magharibi ya matanuri. Upepo wa Kabwe kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki. Aliyechagua nyumba zijengwe pale hakuhitaji kuwa mtu mbaya. Alihitaji tu wafanyakazi wakae karibu na kazi. Moshi na vumbi vikaelekea huko, na zaidi ya hapo hadi Makululu, mtaa wa watu wa kipato cha chini uliokua bila mpango. Chowa nako kulipitwa na mfereji wa maji machafu ya mgodi. Katika maisha yake yote mgodi ulitoa takriban tani milioni 1.8 za zinki na tani 800,000 za risasi, pamoja na metali za vanadi, kadimi na fedha kiasi. Hizo ndizo zilizouzwa. Zilizotoka kwa bomba la moshi na kushukia kwenye mapaa hazikupimwa kwenye mizani.

Tusidanganyane kwamba hakuna aliyejua. Miaka ya 1970, mgodi ukiwa kazini, daktari aliyekuwa akihudumu huko alipima damu za watoto wa Kasanda, akakuta viwango vya kutisha, na akaandika tasnifu kuhusu chanzo chake. Yaani karibu miaka 20 kabla ya kufungwa, kulikuwa na maandishi ya kitaalamu. Mgodi ulikuwa umeshapita katika mikono ya watu binafsi na kuingia katika mikono ya umma, na mikono yote miwili iliendelea kuyeyusha. Wanaotaka kuibebesha lawama hii enzi ya ukoloni peke yake wananipa shida hapa, na wanaotaka kuibebesha serikali ya Kaunda peke yake vilevile. Kutaifisha kulibadilisha jina la mwenye faida. Hesabu ya udongo ilibaki ileile.

Kushuka kwenyewe kulikuja kwa njia inayofahamika. Miamba bora ilikuwa inaisha. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, na Zambia iliyoitegemea shaba kwa fedha za kigeni ikakosa uwezo wa kununua vipuri, hata vya migodi isiyo ya shaba. Mwaka 1982 migodi yote ya serikali ikaunganishwa kuwa ZCCM, shirika kubwa lililokuwa likikamuliwa na serikali na kuendesha hospitali, shule na timu za mpira huku mitambo ikizeeka. Broken Hill ilikuwa mtoto mdogo katika nyumba ya shaba. Serikali mpya ya mwaka 1991 ilipokuja na masharti ya kubana matumizi na kuuza mashirika, mgodi mzee wa risasi haukuwa na mtetezi, na Juni 1994 ukazimwa.

Pigo halikuja peke yake. Kiwanda cha nguo cha Mulungushi, kilichojengwa kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilijaribiwa tena kwa ubia na Wachina mwaka 1997, kisha nacho kikasimama miaka kumi baadaye. Reli ikakodishwa kwa mwekezaji mwaka 2003, serikali ikairudisha mwaka 2012. Mji uliokuwa na nguzo tatu ukajikuta unashikiliwa na ofisi za mkoa, magereza, shule na vyuo. Chuo Kikuu cha Mulungushi, kilichoanzishwa mwaka 2008, kimesaidia. Hata hivyo mshahara wa mhadhiri na ada za wanafunzi havirudishi kazi za karakana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wanaotazama ajira tu. Kupoteza ajira ni msiba, lakini mji unaweza kupona msiba huo. Watu huhama, hubadilisha kazi, hulima, hufanya biashara. Kabwe haikuachwa tupu. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta zaidi ya watu 200,000, mji wenye watu wengi unaoendelea kukua juu ya udongo wenye sumu. Miji mingine ya madini iliyokufa ilihamwa ikabaki magofu. Kabwe ilishuka bila kuhamwa, na kila familia mpya inayojenga Makululu kwa matofali ya udongo inaingia kwenye deni ambalo haikulikopa. Wakati wa ubinafsishaji nyumba za mashirika ya umma, za migodi zikiwemo, ziliuzwa kwa wapangaji wake kwa bei nafuu. Watu walishangilia kuwa wenye nyumba, na walikuwa na haki ya kushangilia. Ila hati ya nyumba huja pamoja na ua, na kilichokuwemo ndani ya udongo wa ua kikawa mali yao.

Tazama pia tarehe. Zambia ilianzisha Mfuko wa Kulinda Mazingira kwa ajili ya migodi kwa kanuni za mwaka 1998: kampuni inaweka dhamana mapema ili siku ikiondoka, au ikifilisika, pawepo fedha za kusafisha. Ni kanuni nzuri. Ilikuja miaka minne baada ya tanuri la Kabwe kuzimwa na zaidi ya 90 baada ya reli kufika. Kwa hiyo gharama za usafi zimeangukia kwa mkopaji, yaani mlipakodi wa Zambia. Mradi mmoja wa mkopo wa Benki ya Dunia uligusa mfereji na baadhi ya nyua katika miaka ya 2000, na mwingine wa dola milioni 65.6 ukaidhinishwa mwaka 2016 kwa Kabwe na miji ya Copperbelt, ukileta upimaji na matibabu ya watoto.

Kati ya miradi hiyo miwili, watafiti walipima watoto 246 wa chini ya miaka saba katika vituo vya afya vya Chowa, Kasanda na Makululu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na hatua zianze ni mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu. Kila mtoto aliyepimwa alikuwa juu ya hapo, bila kubaki hata mmoja. Kasanda, asilimia 57 walikuwa juu ya 65. Wanane walipita 150. Mmoja alikuwa na 427.8. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi na bado sijaizoea. Dawa za kuondoa risasi mwilini hupendekezwa mtoto anapofika 45, nazo hazina maana kubwa mtoto akitoka kliniki na kurudi kutambaa juu ya vumbi lilelile.

Mahakamani, mwaka 2020 kesi ilifunguliwa Johannesburg kwa niaba ya wanawake na watoto wanaokadiriwa kufika 140,000 dhidi ya Anglo American South Africa, kampuni ambayo wadai wanasema ilihusika na mgodi kati ya mwaka 1925 na 1974. Kampuni inakana, inasema haikuwa mmiliki mkuu wala mwendeshaji, na kwamba uchafuzi uliofuata haukuwa wake. Desemba 2023 Mahakama Kuu ilikataa kuiruhusu iendelee kama kesi ya kundi, na wadai wakafungua njia ya rufaa. Sitaki kuhukumu kabla ya majaji. Ninachokisema ni cha chini zaidi ya sheria: ikiwa ubishi kuhusu nani alikuwa mwendeshaji unaweza kumsubirisha mtoto hadi awe mzazi, basi mfumo mzima wa umiliki wa migodi ulijengwa ili wajibu upotee njiani.

Na sasa kuna malundo. Mabaki ya karne nzima yamesimama karibu na mji, lundo mojawapo ni jeusi tii, na wakazi huliita Black Mountain, yaani mlima mweusi. Yana metali ya kutosha kuwavuta wachimbaji wadogo kwa makoleo na kampuni zenye leseni kwa mitambo. Watu wanaochimba pale wanajua kuwa vumbi lile linaua. Wanajua pia kwamba watoto wao watalala njaa wasipochimba. Kuwafukuza kwa polisi asubuhi na kuwaacha warudi usiku si sera. Mtu anayeokota sumu ili anunue unga anahitaji kazi nyingine inayolipa walau sawa, na kazi hiyo ipo kama serikali ingetaka: kulifunika lundo, kuweka lami njia za vumbi, kubadilisha udongo wa nyua, kupanda majani na kuyamwagilia. Ni kazi ya miaka mingi, ya mikono mingi, na wanaoufahamu mlima ule kuliko wote ni haohao wenye makoleo. Wapewe vifaa vya kujikinga, wapimwe damu, walipwe.

Leseni za kuchambua mabaki upya ningezisimamisha kwanza. Hoja yake inavutia, kwamba kampuni itachukua zinki iliyobaki na kuacha mahali pasafi. Lakini kuligusa lundo kavu ni kuamsha vumbi lililolala, na Kabwe imeshaahidiwa usafi wa baadaye mara nyingi mno na watu waliochukua faida mapema. Atakayetaka leseni aweke kwanza fedha zote za kusafisha, taslimu, kabla ya koleo la kwanza.

Mpangilio wa kazi nao una uzito. Ua uliosafishwa mwaka huu utachafuka tena mwakani kama lundo linaendelea kupeperushwa, na hivyo ndivyo fedha za mikopo zinavyoyeyuka bila damu ya mtoto kushuka. Lundo lifunikwe kwanza, kuanzia upande unaotazama Kasanda, ndipo udongo wa nyumba moja moja ubadilishwe, na watoto walewale wapimwe kabla na baada.